Magari Hayataegeshwa Juu ya Jiko la Watoto

Risala ya Umoja wa Walishaji wa Mtambo, Nyuma ya Soko

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, viongozi mlioongozana naye, wazee wetu, wauzaji wenzetu mliofunika biashara kwa turubai ili mje kusikiliza, wapagazi mlioacha mikokoteni njiani na sasa hakuna anayepita, na ninyi watoto mliolala chumbani hapo pembeni, ambao tunawaombea usingizi uwachukue mpaka risala iishe:

Tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu nyuma ya soko. Hilo neno "nyuma" tumelitia kwa makusudi. Wageni wa ngazi yako huwa wanapokelewa kule mbele, kwenye geti lililopakwa rangi. Wanapeana mikono na wauza vitambaa, wanapiga picha na mizani mpya, wanaaga. Huku nyuma hufika gari la taka, paka, na sisi. Umevuka ule mfereji kwa viatu vyako vizuri, ukakataa kushikwa mkono. Tumeliona hilo na tumelipenda.

Pamoja na karibu hiyo, tunakuomba radhi mapema. Afisa wako wa itifaki, amesimama pale pembeni mwa hema, wala hatuna ugomvi naye kama mtu, alituelekeza risala iweje. Iwe fupi, shukrani ziwe nyingi, changamoto zisizidi. Alituandikia hata muhtasari. Tukaukalia kikao. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Bi Nyanya kwa kuwa ameuza nyanya pale kona tangu baadhi yetu tunabebwa mgongoni, aliusoma ule muhtasari hadi mwisho, akaukunja, akauweka chini ya makalio yake.

"Shukrani tunazo," akasema. "Lakini mtu akija na koleo kukufukia jiko lako, unamshukuru kwa kubeba koleo?"

Basi tukaandika upya. Kalamu nimeishika mimi, kwa sababu nasoma darasa la jioni na wenzangu wanasema mwandiko wangu unasomeka. Lakini kila sentensi imepita kwenye midomo ya wote. Iliyokataliwa nimeifuta. Utakayoisikia ni yetu sote, kwa hiyo ukikasirika, tafadhali usinikasirikie mimi peke yangu. Nina mtoto mdogo.

TULIKOTOKA

Hapa lilipopigwa hema palikuwa jaa. Kila kilichooza sokoni kilitupwa hapa: kabichi, maganda ya ndizi, matikiti yaliyopasuka, mapapai yaliyokosa mteja. Mvua ikinyesha, jaa linatembea. Jua likiwaka, linatoa sauti, na waliokuwepo wanajua hatutanii.

Ubavuni mwa jaa hilo ndipo kilipo chumba kile chenye mlango wa bluu. Mheshimiwa, hicho ndicho chumba cha watoto. Sisi tunaouza hatuna wa kumwachia mtoto nyumbani, na mtoto hawezi kukaa juani chini ya meza ya vitunguu kutwa nzima. Tunawaacha hapo. Mlezi wao ni mama mkwe wangu, yule mama aliyekaa mlangoni mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye amenionya nisimtaje. Samahani, mama.

Siku hizo alikuwa anapika uji wa watoto kwa mkaa, humo humo ndani, kwa sababu nje kuna inzi. Ukifungua dirisha, jaa linaingia. Ukilifunga, moshi unabaki. Tulikuwa tukirudi jioni tunapokea watoto wenye macho mekundu, wanakohoa kama wazee. Unamnyonyesha mtoto, unanusa nywele zake, unasikia harufu ya mkaa. Unajiambia ni kawaida. Jirani yako naye anajiambia ni kawaida. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa upole.

Aliyetuzindua alikuja kununua nyanya. Ni mwalimu wa chuo, sisi tunamwita Mtaalamu, na leo yupo, amekaa nasi huku kwenye mabenchi ingawa alitengewa kiti hemani. Siku hiyo alisimama mbele ya meza ya Bi Nyanya akiwa ameziba pua kwa leso.

"Mnawezaje kukaa na harufu hii?" akauliza.

Bi Nyanya akampimia nyanya zake bila haraka. "Wewe si msomi? Utuambie basi tuipeleke wapi."

Mtaalamu akacheka, akalipa, akaondoka. Tukajua tumemkosea. Kesho yake akarudi na mchoro. Akatuambia taka tunayoitupa ndiyo moto tunaokwenda kuununua gunia kwa gunia. Ukiifungia shimoni bila hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaila, na pumzi yao ni gesi. Gesi hiyo inapita kwenye bomba, inawaka jikoni. Inaitwa bayogesi.

"Pumzi?" akauliza mmoja wetu. "Tuwapikie watoto kwa pumzi ya wadudu?"

"Sasa hivi unawapikia kwa moshi," akajibu. "Chagua."

Tulichagua, Mheshimiwa. Lakini usidhani tulichagua siku hiyo hiyo. Tulibishana mpaka nyanya zikaiva zaidi ya bei yake.

TULIVYOJENGA

Jaa tulilihamisha kwa mikono. Shimo tulilichimba kwa zamu, wauzaji asubuhi kabla ya wateja, wapagazi mchana kazi ikipoa. Wanaume wengine walipita wakisema huo ni mtambo wa wanawake. Ulipofika wakati wa kubeba tofali wanaume hao hao walikuja wenyewe, maana kukaa unatazama mkeo anabeba tofali mbele ya soko zima ni kazi ngumu kuliko tofali lenyewe.

Ujenzi uliongozwa na Fundi, mwashi wetu. Huyu ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni "bomoa". Alijenga chumba cha chini ya ardhi chenye paa la duara, kuba la tofali lisilo na nguzo hata moja ndani, kila tofali likiegemea jingine. Likikaa vibaya alisema bomoa, tukabomoa. Alipomaliza na kufukia udongo juu, akatukusanya akatuambia kanuni, nasi tunaomba uisikie vizuri kwa sababu ndiyo kiini cha leo.

"Juu hapa apite mtoto. Apite kuku. Mtu mnene apitie pembeni."

Tulicheka sana, hasa wanene. Yeye hakucheka. Kuba hilo linabeba udongo wake na miguu yetu. Gari halibebi.

Utaratibu wetu wa kazi ni huu. Hapa jiko halina tajiri wala maskini. Anayetaka zamu ya moto huja na ndoo ya mabaki, yamekatwakatwa madogo madogo, yamechambuliwa. Ndimu hazitakiwi, pilipili hazitakiwi, maganda ya vitunguu hayatakiwi. Yanachanganywa na maji, yanamiminwa kwenye mdomo wa kulishia, pale kwenye sinki la saruji. Hiyo ndiyo "kulisha", na ndiyo maana tunaitwa walishaji. Asiyelisha hapiki, awe nani. Bi Nyanya mwenyewe alisahau ndoo yake siku moja, akanywa chai baridi, na alikuwa mwenyekiti.

Mtambo wenyewe tuliupa jina. Tunauita Mama Mkwe. Sababu zilitolewa kikaoni: hali kila kitu, humcheleweshei chakula chake ukabaki salama, akinuna hasemi, utaona tu moto umepungua ujiulize umemkosea nini. Mama mkwe wangu wa kweli alikuwepo.

"Mimi sinuki," akasema.

"Ndiyo tofauti yenu, mama," nikajibu, na nashukuru Mungu mume wangu hakuwepo.

MAFANIKIO

Tuna moto. Tungeweza kuishia hapo.

Tuna moto wa bluu usio na moshi katika chumba cha watoto. Uji unaiva dirisha likiwa wazi, kwa sababu nje hakuna jaa na ndani hakuna moshi. Maji ya kuoshea chupa yanachemka kila siku, siyo siku za mkaa tu. Mama anayenyonyesha anakuta maji ya uvuguvugu ya kunawia. Kwako ni kitu kidogo, Mheshimiwa, lakini muulize mama yeyote aliyerudi kwa mwanawe na mikono ya sokoni.

Tuna tope. Kinachobaki baada ya vijidudu kushiba hutoka upande wa pili, tope jeusi lisilonuka, na wenye bustani ng'ambo ya barabara wanakuja kulichukua. Mboga wanazozikuza kwa tope hilo ndizo wanazotuuzia, na mabaki ya mboga hizo yanarudi kwenye ndoo. Ile miti michanga uliyoiona kando ya ukuta, iliyokufanya uulize nani anaimwagilia, inakula tope hilo. Tuliipanda ili watoto wapate kivuli kabla hawajamaliza kukua.

Na kikohozi. Hatuna mashine ya kupima, na Mtaalamu ametuonya tusiseme tusichoweza kuthibitisha. Basi tunasema tunachokijua. Tunajua watoto wetu wanavyolala. Wanalala. Mwanangu sasa namnusa nywele, nanusa mwanangu.

TULIPOKOSEA

Sehemu hii haimo kwenye muhtasari wa afisa. Tumeiweka kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini uko hapa.

Mheshimiwa, tuliambiwa utakuja mara ya kwanza kabla ya mvua zilizopita, uje uuone mtambo. Afisa wako alitangulia kukagua. Ni kweli asubuhi ile ndoo zilikuwa zimepangwa zinasubiri kukatwa, na mabaki yakisubiri yananuka. Akakunja pua.

"Mgeni rasmi atasimama wapi?" akauliza. "Hapa panatoa harufu."

Hakutuagiza tufanye lolote. Aliuliza tu. Lakini Mheshimiwa, wewe umelelewa. Unajua mtu akisikia mgeni anakuja anafanya nini. Anasafisha! Tulianza alasiri, soko zima la nyuma. Sabuni ya unga, dawa ya choo, maji ya mapipa. Tulisugua saruji mpaka ikabadilika rangi. Mmoja wetu, tumekubaliana kikaoni asitajwe, alinyunyizia marashi yake ya harusi. Palinukia! Wauza vitambaa walikuja kutoka mbele kuuliza kuna nini. Tukasimama mikono kiunoni, tunajipongeza.

Sasa, yale maji yote yalikwenda wapi? Uwanja wetu Fundi aliuinamisha makusudi, ili matone yasipotee, yaelekee kwenye mdomo wa kulishia. Sabuni yote, dawa yote, na marashi ya harusi, vilimiminika kwa Mama Mkwe.

Wale wadudu wadogo waliokuwa wanatupikia walikufa wote. Kwanza moto ulifupika. Kisha ukawa wa njano, ukaanza kurukaruka. Kisha tukafungua koki, tukawasha kiberiti, kiberiti kikateketea chenyewe mpaka kwenye vidole.

Na wewe siku ile hukufika. Tuliambiwa umepata udhuru. Hatulalamiki, kazi zako ni nyingi.

Aliyefika baadaye ni afisa, kuandika taarifa. Alifungua koki mwenyewe, akawasha, hakuna. Akajaribu tena, hakuna. Akasema, "Huu mradi umekufa." Hakusema uongo. Siku ile ulikuwa umekufa kweli. Ila hakuuliza umeuawa na nini, na sisi kwa aibu hatukusema. Ungemwambiaje mtu kwamba umeua mtambo kwa adabu?

Aibu hiyo ndiyo kosa letu. Sabuni ilikuwa bahati mbaya. Kunyamaza kulikuwa kosa. Leo hatunyamazi.

Tulirudi kwenye mkaa. Madirisha, moshi, macho mekundu. Mama mkwe wangu akawa anatoka nje na watoto wawili wawili, mmoja kila bega, kuwapa hewa, uji ukiungua ndani. Hapo ndipo Mtaalamu alipokuja, akachota tope, akalinusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmempa nini?"

Tukaanza kuhesabu ndoo zetu.

"Jamani. Mmempa nini?"

"Sabuni," akasema Bi Nyanya. Kisha, akifunga upya kanga yake: "Na marashi."

Mtaalamu aligeuka akatazama ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, hatukujua analia au anacheka. Alipogeuka akasema inawezekana kuanza upya. Tutoe maji machafu, tutie samadi mbichi ya ng'ombe yenye wadudu hai, tulishe kidogo kidogo kama mgonjwa, tusubiri.

Mfugaji wa karibu yuko upande wa pili wa barabara kubwa, na njia fupi inapita katikati ya soko la mbele. Tulipita nayo. Na ndoo za samadi kichwani, tulipita kwenye geti lililopakwa rangi, tukapita kwenye vitambaa, tukapita mbele ya ofisi, kila siku, na kila aliyekunja pua tulimwamkia. Tulilisha kidogo kidogo. Tukasubiri. Asubuhi moja mlezi alifungua koki kwa mazoea tu, huku akiongea na mtoto, akawasha. Pakawa bluu.

Hakupiga kelele, kwa kuwa watoto walikuwa wamelala. Alitoka nje, akasimama mlangoni, akatuita kwa mkono.

CHANGAMOTO

Tunayo moja.

Tulimpigia simu afisa kumwambia mtambo umefufuka. Akatujibu kwa upole kwamba taarifa ilishafika juu, mradi ulishafungwa, na eneo hili limeshapangiwa maegesho ya magari ya wateja. Tukamwomba aje aone moto. Akasema hawezi kuja kuona kitu ambacho hakipo.

Mheshimiwa, lile jiwe lililofunikwa kitambaa, ambalo ratiba inasema utalifunua baada ya risala hii, ni jiwe la msingi la maegesho. Limesimikwa pembeni mwa kuba. Waliolisimika hawakumuuliza Fundi, naye alisimama pale kutwa nzima wakichimba, akisema kila wakiinua sururu, "Msisogee huku. Msisogee huku." Hawakusogea. Tunawashukuru vijana wale, walikuwa na masikio.

Mtambo huu hauhami. Siyo kwamba hatutaki tu. Haukujengwa juu ya ardhi, umejengwa ndani yake. Ukiutoa hapa huuhamishi, unauvunja. Na gari likiegeshwa juu yake, la kwanza labda kuba litanung'unika, la pili litaingia ndani na dereva wake.

Tumeambiwa pia kwamba tukipata maegesho, wateja wenye magari wataongezeka na sote tutafaidika. Pengine. Lakini mwenye gari hanunui nyanya huku nyuma. Ananunua mbele, na huko mbele kuna uwanja mpana wa changarawe, ambako leo yamesimama magari ya msafara wako yote na nafasi imebaki. Tumetuma mtu akaangalie sasa hivi. Imebaki.

Na chai uliyopewa ulipofika, Mheshimiwa, tumeona umeimaliza. Afisa naye kamaliza, akaongezewa. Hiyo chai imechemshwa na kitu ambacho hakipo.

Jambo jingine. Umesikia harufu, na umejitahidi usioneshe, na tunakuheshimu kwa hilo. Leo hatukusafisha. Tumefagia, tumefuta viti. Sabuni haikugusa saruji. Harufu unayoisikia ni mlo wa mchana wa Mama Mkwe ukisubiri kukatwa. Wageni wengine wakija tutawapokea hivi hivi.

MAOMBI

Kwenye kichwa hiki tulikwama kikaoni.

"Kwa nini tuombe kilicho chetu?" akasema Bi Nyanya. "Andika: Tunayosema."

"Risala bila maombi ni matusi, dada," akasema Fundi, na ndiyo sentensi ndefu tuliyowahi kumsikia.

"Haya, tuombe. Lakini tuombe tukiwa tumesimama."

Kwa hiyo Mheshimiwa, ukitazama huku kwenye mabenchi, sasa tumeinuka, hakuna aliyekaa.

Hatuombi fedha. Hatuombi fulana wala kofia, za mwaka jana bado tunazo na watoto wanalalia. Hatuombi mtambo mwingine.

Tunaomba usilifunue jiwe lile. Acha kitambaa juu yake kama kilivyo, lichukuliwe likasimikwe kule mbele kwenye changarawe. Tutalibeba wenyewe. Umesikia tumebeba nini kichwani katikati ya soko hili, jiwe halitatushinda.

Tunaomba, kabla hujaondoka, uingie mlango wa bluu. Uiname kidogo, ni mfupi. Ufungue koki kwa mkono wako, uwashe kwa kiberiti chako. Ukiona bluu, useme umeona bluu, mbele ya watu hawa na wapiga picha wako. Hatutaki ahadi. Tunataka macho yako.

Tunaomba maandishi rasmi kwamba kipande hiki cha ardhi ni cha mtambo na chumba cha watoto, ili afisa atakayekuja baada ya huyu, na mwingine baada yake, asianze upya kutupima kwa pua.

Na tunaomba mradi wowote wa eneo hili usifungwe tena kabla ya kuwauliza wanaoulisha. Tupigiwe simu. Tubishiwe hodi. Tuulizwe tu: umekula nini?

Sasa, ungependa kujua tutafanya nini ukikataa. Ni haki yako kujua, hatupendi kumtegea mgeni. Hatutarusha jiwe wala kumtukana mtu. Tutakuja kazini. Katapila likija, litatukuta tunalisha. Tukiambiwa tupishe, tutaomba tumalize kulisha, na kulisha hakuishi, maana soko haliachi kuozesha. Watoto wetu watakuwa ndani wanakunywa uji. Wakubwa wao watakuwa juu ya kuba, pale anapopita kuku, na wanene wetu watakuwa pembeni, mstari mrefu, na wapo wengi. Tukitolewa asubuhi, mchana tutarudi na ndoo. Tunaogopa, Mheshimiwa, usidhani hatuogopi. Lakini tumeshakaa kimya mara moja, na tunajua kimya kilitupa nini.

KUMALIZIA

Tunakutakia heri, Mheshimiwa. Mungu akupe afya na safari salama, akurudishe kwa wanao uwakute wanapumua vizuri. Awabariki uliokuja nao, akiwemo afisa wetu, ambaye akitaka kikombe cha tatu cha chai kipo. Ambariki Mtaalamu kwa kurudi kesho yake. Azibariki ndoo zetu.

Mwisho wa ule muhtasari tuliandikiwa sentensi ya kufungia. Inasema: "Sisi wananchi wa eneo hili tunaupokea mradi wa maegesho kwa mikono miwili." Tuliahidi tutaijaribu, na tuliijaribu, kila mmoja kwa zamu, kwa sauti, kikaoni. Ilipomfikia mama mkwe wangu alikuwa amempakata mwanangu mkono mmoja, mkono wa pili kashika chupa ya maziwa ambayo ndiyo kwanza imetoka kupashwa moto. Akaitazama karatasi niliyomshikia.

"Mikono miwili ya nani?" akasema. "Yangu imejaa."

Nasi, Mheshimiwa, yetu imejaa. Hatuupokei.

Ni sisi,
Umoja wa Walishaji wa Mtambo, Nyuma ya Soko,
pamoja na watoto wa mlango wa bluu.